Mguu Ulioanikwa Pamoja na Mahindi

Siku ile Gachoki alitandika maturubai mawili uani, moja la mahindi na jingine la mguu wangu.

Mume wangu ni mtu wa mpango. Mahindi aliyaweka upande wa ghala, mimi akanikalisha karibu na jiko, mahali ambapo jua linapiga tangu asubuhi bila kivuli. Akaniletea kigoda, akaniambia ninyooshe mguu vizuri nisiukunje. Kila baada ya muda alikuja kuugeuza, kwa upole, kama anavyogeuza mahindi kwa reki yake ya mbao. Mpita njia angedhani tunautafutia mnunuzi.

Msicheke kwanza. Hapa kwetu karibu na bwawa la Kiambere, ukungu ni adui tunayemjua kwa sura. Mahindi yakifungwa guniani na unyevu yanaota ukungu, na ukungu wa mahindi una sumu inayoua. Gachoki ndiye mwenyekiti wa ghala la kikundi chetu cha wakulima. Anatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, anatikisa, kisha anaangalia kama chumvi inagandia kwenye kioo. Ikigandia, mahindi hayajakauka, na hayataingia ghalani hata yawe ya kaka yake wa tumbo moja. Kwa hiyo siku tulipoambiwa mjini Embu kwamba kilichokuwa mguuni mwangu ni kuvu, jamaa ya ukungu, mume wangu alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni ukungu tu," aliniambia tukirudi nyumbani. "Mama Ngari, si ungeniambia mapema? Hii tutaanika."

Ningemwambia mapema nini, nami mwenyewe sikujua? Nilichomwa na mwiba wa mgunga nikirekebisha ua wa zizi la mbuzi, miaka minne ilikuwa imepita. Nani huku hajachomwa? Niliung'oa kwa pini nikaendelea na kazi. Baadaye uvimbe ukaota chini ya unyayo, mgumu, usiouma hata kidogo. Huko kutouma ndiko kulikonidanganya, maana kitu kisichouma mwanamke wa shamba hana wakati nacho. Ulipofika ukubwa wa ngumi ukatoboka matundu, na kwenye matundu ukatoka usaha wenye punje nyeusi, ndogo kama mbegu za wimbi.

Daktari Mwirigi, mpasuaji wa hospitali tuliyokwenda, alinipa kapsuli za kumeza asubuhi na jioni kwa miezi mingi. Alisema nisiupake mguu chochote wala nisiukande. Dawa ingeuzuia uvimbe usisambae, ujikusanye mahali pamoja, kisha yeye angeukata na kuutoa. Kwa Gachoki hiyo miezi haikuingia akilini. Yeye hajawahi kukausha kitu kwa miezi.

Basi nikaanikwa. Nilimwachia kwa sababu nami nilikuwa nimeuchoka ule uvimbe, na kwa sababu tangu utotoni nimeona jua likimaliza ukungu. Kapsuli zilikuwa zinanivuruga tumbo, nikaziweka kando. Jua lilipochelewa kuleta matokeo, Gachoki akakaanga chumvi kwenye sufuria, akaifunga katika kitambaa, akanikanda nayo unyayo wote. Chumvi ya moto haikuudhuru uvimbe. Ilinidhuru mimi. Malengelenge yalipasuka yakawa kidonda, kidonda kikaoza, na mguu ukavimba hadi gotini. Nilirudishwa Embu nikitetemeka kwa homa.

Daktari Mwirigi alifungua kitambaa, akatazama, akauliza bila kupandisha sauti:

"Nani amepika huu mguu?"

"Ni mimi, daktari," Gachoki akasema.

Hapo nilimheshimu. Wanaume wengi wangesema ni mama mkwe.

Daktari alizunguka kitanda, akabonyeza hapa na pale, akashusha miwani. "Hii sasa tutakata, Mama. Hapa, chini ya goti. Kidonda kimeoza na fangasi bado iko, tena imeongezeka. Sitaki ifike juu."

"Kama ni hivyo akatwe," Gachoki akasema, macho yake sakafuni. "Bora awe hai."

"Hapana," nikasema.

Wote wawili walinigeukia. Neno lilitoka kabla sijalifikiria, lakini lilipokwisha kutoka niliona ni langu na nikalishikilia. Shamba letu liko mteremkoni kuelekea bwawani. Ndengu zangu ziko huko, mbuzi wangu wako huko, na hakuna njia ya magurudumu. Mwanamke wa mguu mmoja huku kwetu hukaa mlangoni akichambua ndengu zilizovunwa na wengine, na watu humsalimia kwa sauti ya kanisani. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia mume wangu, lakini zaidi ya wote nilikikasirikia kile kitu kilichokaa ndani ya nyama yangu, kikakandwa kwa chumvi ya moto, kikatoka kizima na mimi nikaungua.

"Kwa nini hakikufa?" nikauliza. "Niambieni hilo kwanza. Mimi niliiva. Yeye kwa nini hakuiva?"

Aliyejibu ni mwanamke kijana aliyekuwa amesimama upande wa dirisha na vichupa vya sampuli mkononi. Alikuwa Daktari Kawira, mtu wa Meru, mtaalamu wa maabara anayechunguza kuvu zinazoota ndani ya watu. Uso wake ulichangamka kama mtu aliyengojea miaka mingi kuulizwa swali lile.

"Mama, ushawahi kuchemsha yai?"

"Nimelea watoto watano. Endelea."

"Ile nyeupe inakuwanga maji maji, halafu moto ikiingia inaganda. Hiyo ni protini. Kila kitu yenye inaishi imejengwa na protini, wewe, mbuzi, hata hii fangasi. Joto ikizidi, protini zinapoteza umbo, zinashikana ovyo, na hicho kitu kinakufa."

"Sasa?"

"Sasa hii fangasi iko na protini zingine, kazi yao ni kushikilia hizo zingine zisianguke. Si umeona kwa matanga, vile wamama wanashika mfiwa huku na huku? Ni hivyo. Ikisikia joto, inatengeneza washikaji wengi zaidi. Mwili wako nayo ukiirushia sumu ya kuiua, iko na protini zingine za kuvunja hiyo sumu. Halafu inajifungia ndani ya hizo punje nyeusi, ngumu. Mama, joto yenye wewe unaweza vumilia bila kuiva, yeye pia anavumilia. Alitoka kwa mchanga ya huko kwenu. Jua ya Kiambere ameizoea."

Gachoki aliinamisha kichwa zaidi. Mimi nililala nikitazama dari, na kusema kweli, nilimheshimu yule mdudu kidogo. Sikumpenda, ila nilimtambua. Tumezaliwa pamoja pale, kwenye udongo unaochoma nyayo kufikia saa nne asubuhi, tumekoswa na mvua ileile, tukajifunza kubana. Ikiwa ni kuvumilia tu, basi alikuwa ameingia kwenye nyama ya mtu anayeijua hiyo kazi.

"Na dawa?" nikauliza. "Anavumilia hata dawa?"

"Anavumilia kiasi, na hao washikaji ndio wanamsaidia. Dawa inamnyima kitu ya kujengea ngozi yake, pole pole. Ukiacha katikati, anajipanga upya. Dawa ya kuangusha washikaji wenyewe bado watu wanatafuta kwa maabara, hata mimi ni moja ya wenye wanatafuta. Kwa sasa tuko na hii tu, na ni ya kila siku."

Nilimgeukia Mwirigi. "Tibu kidonda. Halafu nipe zile kapsuli tena. Nitazimeza."

"Ulipewa ukaziacha."

"Niliziacha nikidhani ninapigana na ukungu wa gunia. Sasa nimejua ninapigana na nani."

Daktari alisugua macho yake. Alikuwa amechoka, na pengine alikuwa na wengine wengi wa kukata wasiobishana. "Nitakupa mpaka mvua za vuli ziishe," akasema. "Nitapiga picha. Kama imeingia ndani ya mfupa, nakata na sitaki kelele."

"Kelele utasikia," nikamwambia, "lakini utakata."

Nilirudi nyumbani kidonda cha moto kikiwa kimeanza kufunga, na hapo ndipo nilipojua kwamba kapsuli ndizo kazi nyepesi. Kazi nzito ni watu wanaokupenda. Shangazi yake Gachoki alileta mafuta ya kondoo ya kupaka yakiwa ya moto. Jirani alileta majani ya kuchemsha. Dada yake Gachoki alikuja kutoka Runyenjes na kikapu cha parachichi na chupa ya maji ya moto ya kukanda. Parachichi nilizila, maana Kawira alisema kapsuli zinataka chakula chenye mafuta ndipo zifanye kazi vizuri. Ile chupa nilimrudishia mkononi.

"Sisi tunakuombea na wewe unatufukuza," akaninung'unikia.

"Ombeni. Maombi hayachomi."

Nilikaa mlangoni mguu ukiwa juu ya kigoda, umefungwa kitambaa safi, na kila aliyekuja na kitu kinachotoa mvuke nilimwambia akinywe mwenyewe. Walisema Wambeti, yaani mimi, amekuwa mkali. Walisema ugonjwa umenipanda kichwani. Nilikuwa mkali tangu zamani, ila zamani sikuwa na kitu cha kulinda. Tumbo lilinikataa wiki nzima nzima. Nilitolewa damu kuangalia kama ini linastahimili dawa, nikaambiwa linastahimili, nikaendelea. Kila asubuhi nilimeza kapsuli nikimwambia yule wa ndani: shikiliana na wenzako, mimi nipo.

Aliyenitia uchungu ni Gachoki. Aliacha kuutazama mguu. Akiniletea uji, aliuweka mbali na kigoda kama kwamba vidole vyake bado ni vya moto. Halafu watu wa kikundi wakaanza kunieleza kwamba ghalani naye habishani tena. Mtu akileta mahindi akamuuliza kama yamekauka, anasema, "Sijui, ulizeni wengine." Mahindi mabichi yalikuwa yameanza kuingia ndani kwa sababu mwenyekiti amejinyamazia.

Siku moja niliingia ghala letu la nyumbani nikijikokota, kutafuta mbegu, nikakuta nyuma ya magunia kitu kimefunikwa na blanketi. Yalikuwa magongo mawili ya kutembelea, mapya, yamepigwa randa mpaka yanang'aa, na juu yake vimefungwa vitambaa laini vya kuweka kwapani.

Nilimwita. Alikuja akasimama mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Ni ya baadaye."

"Baadaye ya nani?"

"Mama Ngari, wacha tu. Mimi ndio niliharibu. Hiyo siku ikifika, sitaki unipate sina kitu kwa mkono."

Nilitaka kumpiga kwa hayo magongo na nilitaka kumkumbatia, yote mawili kwa wakati mmoja, na sikufanya lolote kati ya hayo. Niliyachukua, nikaenda nayo nyuma ya jiko nikichechemea, nikayasimika ardhini pale mche wangu wa pasheni ulipokuwa ukitambaa ovyo. Nikaufunga juu yake kwa kamba. Gachoki alinifuata akanitazama mpaka nikamaliza.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Ulikosea mguu. Hukukosea mahindi. Kesho uende ghalani, na yale ya unyevu yote yatoke nje, hata kama mwenyewe atakutukana. Watu watakufa kwa sababu wewe unaona haya?"

Kesho yake alikwenda, na kelele za waliorudishiwa magunia zilisikika mpaka huku kwetu. Jioni alirudi ametukanwa vya kutosha, akachota maji, akaumwagilia ule mpasheni. Usiku huo alikula vizuri.

Mvua za vuli zilikuja kidogo, zikaenda. Matundu ya unyayoni yalifunga, moja baada ya jingine. Uvimbe ulizidi kuwa mgumu, ukajikunja mahali pamoja, ukaacha kusambaa kwenda kisigino. Nilikuwa nikiubonyeza kwa kidole na kuhisi mpaka wake, pale anapoishia yeye na ninapoanzia mimi. Hapo awali mpaka huo haukuwapo.

Picha ilipopigwa, Daktari Mwirigi aliishika mbele ya mwanga muda mrefu.

"Umejikusanya kweli," akasema. "Lakini hapa karibu na mfupa wa kidole kidogo sioni vizuri. Inaweza kuwa imeugusa tu, inaweza kuwa imeingia. Nitajua nikifungua. Mama, mimi sitakudanganya. Nikipata imeingia mifupa ya katikati, nitatoa mguu wote hapo hapo."

"Ukiingia humo, mtafute yeye," nikasema. "Mtafute sana. Ukimkosa kwa mfupa, usinikate kwa sababu ya uoga. Ukimpata, kata."

"Hiyo ni haki," akasema.

Hawakunilaza usingizi. Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni, na kutoka kiunoni kwenda chini nikawa si wangu. Wakaning'iniza kitambaa cha kijani mbele ya kifua nisione. Gachoki alibaki nje ya milango miwili. Daktari Kawira alisimama upande wa kichwa changu, amefunika mdomo, ana chombo cha kupokea kitakachotoka.

Sikuhisi kisu. Nilihisi kuvutwa kidogo, kama mtu anayekuvuta kanga kwenye foleni. Nilisikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia. Nilisikia Mwirigi akiomba kitu, akipewa, akiomba kingine. Halafu akaacha kuomba.

"Nilete msumeno, daktari?" nesi akauliza.

Moyo wangu ulidunda mpaka ile mashine ya kuhesabu mapigo ikaanza kulia haraka haraka, ikinisengenya mbele ya watu. Niliogopa. Sitasema sikuogopa. Niliona mteremko wote wa shamba langu, jiwe kwa jiwe, mahali pa kukanyaga na mahali pa kuruka.

"Daktari," nikaita juu ya kitambaa, "umempata kwa mfupa ama unadhania?"

"Mama, tulia."

"Nitatulia ukinijibu."

Sauti yake ilikuja polepole, ya mtu anayechungulia shimoni. "Kidole kidogo kimeisha. Hicho kinaenda, na kipande cha mfupa wake. Huu mfupa wa pili..." Vyuma vikalia tena. "Huu wa pili ameugusa ngozi tu. Hajaingia. Nesi, msumeno ule mkubwa rudisha. Nipe mdogo."

Sikulia wakati ule. Nilishika reli ya kitanda na kuminya, na Kawira akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, hakukiondoa mpaka mwisho.

Walipomaliza, nilimwomba anionyeshe. Alisita, akamtazama Mwirigi, kisha akaniinamishia chombo. Uvimbe ulikuwa ukubwa wa embe dogo, umepasuliwa katikati, nyama nyeupe iliyokakamaa, na ndani yake zile punje nyeusi zimejaa, zinang'aa kwa unyevu. Nilidhani nitachukia. Nilichoona ni kitu kidogo tu kilichofanya kazi kwa bidii miaka minne, gizani, bila kupumzika.

"Unampeleka wapi?"

"Maabara. Nitamwotesha, nimtie joto, nimtie dawa, nione anajishikilia vipi. Labda atatuonyesha pa kumwangushia."

"Usimwonee huruma."

Mwirigi alitoka nyuma ya kitambaa akivua glavu. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo. "Umebaki na mguu, Mama. Si mguu mzuri. Utachechemea."

"Sikukuomba mguu mzuri."

"Na kapsuli bado. Nimetoa yote yenye nimeona, lakini hii kitu punje moja inaweza kubaki mahali sioni. Inaweza kukaa hapo miaka, imejibana, inangoja. Siwezi kukuahidi kwamba imeisha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kuomba radhi, kana kwamba ananikabidhi habari mbaya. Nilitazama kule chini, upande wa pili wa kitambaa, ambako mguu wangu ulikuwa umelala bado haunijui.

"Kama amebaki abaki," nikamwambia. "Tutazeeka pamoja. Lakini pa kwenda nitachagua mimi, na yeye atabebwa."